Mkono Usioachia

Wiki iliyopita kijana mmoja alisimama mlangoni mwa duka letu la vitambaa, Buyenzi, mjini Bujumbura, mdomo umejaa sambusa, akawa anawaeleza wenzake kwamba yule mwalimu Révérien wa zamani alifundisha mieleka ya kubembelezana. Eti mtu unamwangusha halafu unamshikilia asiumie, kama mtoto anayelazwa kitandani. Wenzake wakacheka. Nikawafukuza wote. Baba yangu, Mzee Moosa, ambaye masikio yamemchoka lakini macho bado, akaniuliza nimekasirikia nini ilhali vijana wa watu hawajagusa hata kitambaa kimoja. Yule kijana hajui lolote, na mimi ninayejua nimejikalia kimya miaka kumi. Basi nitasema, na lile la kwangu nitalisema pia.

Révérien tulimwita Prof, kama wanafunzi wa Bujumbura wanavyowaita walimu wao wote, awe wa hesabu au wa kuruka kamba. Serikali ilimpeleka Bulgaria kusomea elimu ya viungo zamani hizo, wakati vijana wetu walipokuwa wakipelekwa kwenye nchi za baridi kwa makundi. Alikwenda akiwa mcheza mpira. Chuoni Sofia wakamwona kifua na shingo, na timu yao ya mieleka ilikuwa imepungukiwa na mtu wa kilo sabini na nne, wakamwita. Aliichezea timu ya chuo miaka minne. Alirudi na sikio la kushoto lililovimba na kuwa bonge, goti lisilokunjika vizuri, medali ya shaba ambayo sikuiona hata siku moja, na tabia ya kutikisa kichwa akikubali na kukiinamisha akikataa, kama wafanyavyo watu wa kule. Ukimuuliza umefanya vizuri, anatikisa kichwa, nawe unarudia mara kumi zaidi ukidhani umeharibu, kumbe amekusifu. Mpaka leo sijui kama alisahau au alifanya makusudi ili tuzidi kutoka jasho.

Ile shaba ingekuwa dhahabu. Alitusimulia mara moja tu, amesimama, kwa sauti ya mtu anayeelekeza njia. Wiki moja kabla ya mashindano ya vyuo vyote, walikuwa mazoezini, wasichana wamekuja kutazama, naye akataka kujionyesha. Akamrusha mwenzake, kijana aliyekuwa akilala naye chumba kimoja, na akamwachia mkono mapema ili arushe juu zaidi. Yule mwenzake alitua kwa kichwa. Hakutembea tena. Prof alikwenda mashindanoni kwa sababu walimlazimisha, na katika nusu fainali akamshika mpinzani wake vizuri kabisa, kila mtu ukumbini akajua kinachofuata, na mikono yake ikakataa kurusha. Akashindwa kwa pointi.

"Kutoka siku ile," akatuambia, "nikaanza kusoma mukono."

Ukumbi wetu ulikuwa ghala bovu la pamba kwenye njia ya bandarini. Tuliweka chini magunia ya kahawa tuliyoyajaza vumbi la mbao, tukayashona, tukatandika turubai juu yake. Siku zetu zilikuwa Jumatano na Jumamosi, kuanzia saa nane mchana, na ifikapo saa kumi na moja Prof alikuwa ameshafunga mlango ili kila mtu afike kwao kabla ya giza. Mwezi mzima wa kwanza hakumruhusu mtu kumgusa mwenzake. Tulianguka tu. Kwa mbele, kwa nyuma, kwa ubavu, kidevu kifuani, kiganja kikipiga turubai. Namegabe, mchukuzi wa bandarini aliyetoka Uvira, mtu wa kubeba mifuko miwili ya saruji kwa mpigo, siku ya tatu alichoka akasema kuanguka anakujua tangu azaliwe. Prof akamtegea mguu. Namegabe akaenda chini kama mzigo uliokatika kamba, akabaki anatafuta pumzi. Alipoipata, alirudi kwenye mstari na hakusema neno mpaka mwezi ukaisha.

Baada ya kuanguka ndipo ukaja mkono. Mtupo wenyewe si mgumu kuueleza. Unamshika mtu mkono wake wa kulia juu ya kiwiko, unageuka, unaingiza nyonga yako chini ya tumbo lake, unainama, naye anapita juu ya mgongo wako. Walimu wengine wote wanaishia hapo. Prof alianzia hapo. Mtu akiwa bado hewani, mkono wako wa kushoto hauruhusiwi kumwachia. Unamvuta juu wakati yeye anakwenda chini, na wa kulia unakuja kuusaidia, ili atue kwa bega na mgongo, kichwa kisiguse. Prof alikuwa akipiga goti lile zima kando yetu na kuweka kiganja chake juu ya turubai, pale kichwa cha anayeanguka kingefika. Kichwa kikigusa kiganja, unaanza upya kutoka moja. Alihesabu kwa Kibulgaria, edno, dve, tri, mpaka mia, na kama kiganja kimeguswa kwenye tisini na nane, ilikuwa edno tena. Kiganja chake kilivimba, akakifunga kitambaa, akaendelea kukiweka palepale.

Tulimuuliza sababu ya kurudia kiasi kile, maana tulishaelewa tangu wiki ya kwanza. Alisema kuelewa ni kazi ya kichwa, na mtu akiogopa kichwa kinasahau hata jina la mama yake. Alitaka mkono ujue peke yake, usingoje kuambiwa. Nasi, nasema kwa haki, tulifika huko. Baada ya mwaka mmoja ungeweza kutuamsha usingizini ukatusukuma, tungekurusha na kukushikilia, halafu ndipo tungeuliza wewe ni nani.

Aliyeushika mkono ule kuliko sisi sote alikuwa Ildephonse, mpwa wake. Dada yake Prof, Daphrose, alifiwa na mume mapema, akahamia na mwanawe huyo mmoja kwenye nyumba ya kaka yake kule Gasenyi, pembezoni mwa mji upande wa kaskazini. Ildephonse alikuwa karani bandarini, akiandika shehena za meli zinazotoka Kigoma. Mizani ilitupa kilo zilezile, basi Prof akatufanya wenza, na kwa miaka mitatu mwili nilioujua baada ya wangu ulikuwa wake. Alinitania kwamba nanuka vitambaa vipya, nami nikamwambia yeye ananuka ndagala wa kukausha. Alikuwa anacheka akiwa hewani, kitu ambacho Prof alikikataza na hakuweza kukikomesha. Na alipokurusha wewe, ulitua polepole mpaka unaona haya. Nilimpenda. Sina ndugu wa kiume, na kama ningepewa nafasi ya kuchagua ningemchagua yeye, pamoja na harufu ya samaki.

Kisha ikaja Oktoba ya 1993, rais akauawa, na yaliyofuata sina haja ya kuyaeleza. Mitaa ikaanza kujitenga, huu wa hawa, ule wa wale. Tulikuwa thelathini ukumbini, tukabaki kumi na mmoja, na kila Jumatano tulihesabiana kwa macho. Sitasema Ildephonse alikuwa wa upande gani. Aliyeishi Burundi ameshaanza kukisia, na kukisia huko ndiko kulikotumaliza. Mimi nilikuwa Mwarabu, babu yangu alitoka Oman akapitia Ujiji, na vizuizini waliniona kama mtu anavyoona gari la jirani, kitu kisichomhusu. Nilizoea. Niliona hata raha kidogo, Mungu anisamehe.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwezi wa nane, 1995, moja ya zile siku ambazo vijana wa magenge walitangaza mji umekufa, ville morte, maduka yafungwe na asitoke mtu. Lakini meli ilikuwa imefika usiku, na bandarini walimtaka karani, na mimi nilikuwa na makatoni ya baba yangu kwenye meli hiyohiyo. Tulifanya kazi mpaka saa saba, wakatuambia twende, hali inaharibika. Teksi hakuna. Tukatembea. Njiani Ildephonse alikuwa akiniambia atamwomba Prof amruhusu kuwafundisha wanaoanza, kwa sababu goti la mjomba limekuwa bovu sana, na mjomba hataki kusema.

Walikuwa watatu, wamepanga mawe barabarani. Hawakuzidi miaka ishirini. Wawili walishika fimbo, wa tatu alivaa koti refu, na ilikuwa jua la kiangazi. Wakanitazama mimi kwanza.

"We Mwarabu, pita."

Nikapita. Hatua sita, nimezihesabu baadaye mara nyingi. Nyuma yangu nikasikia wakimuuliza Ildephonse anatoka mtaa gani, naye akajibu kweli, Gasenyi, na baba yake alitoka wapi, naye hakujibu upesi. Nikageuka. Yule wa koti alikuwa amemkamata ukosi.

Kilichofuata nilikiona chote. Ildephonse aliingiza nyonga, akainama, na yule kijana akapita juu ya mgongo wake na koti lake lote. Mtupo safi. Wale wawili wa fimbo walibaki midomo wazi. Chini palikuwa lami na mawe, na kama angemwachia pale hewani, kichwa cha yule kijana kingepasuka na mambo yangeishia hapo. Hakumwachia. Mkono wa kushoto ulimvuta juu, wa kulia ukaja kusaidia, na kichwa kikabaki upana wa kiganja juu ya lami. Ildephonse akasimama hivyo, ameinama, mikono yake yote miwili ikiwa kazini, anamshikilia mtu aliyetaka kumuua asiumie. Na mkono wa kushoto wa yule mtu, ambao haukushikwa na yeyote, ukaingia ndani ya koti.

Niliuona ukiingia. Hapo ndipo penye lile la kwangu. Nilifundishwa miaka mitatu kusoma mkono unakwenda wapi, na niliusoma. Nilikuwa na muda wa kufika na kuukanyaga. Wale wa fimbo hawakuwa hata wakinitazama. Sikufanya kitu. Sikujiambia ninaogopa, sikuamua lolote, nilisimama tu kama mtu aliyeruhusiwa kupita. Kisu kikatoka kikaingia juu ya paja, karibu na kinena, na ndipo Ildephonse alipoachia.

Walikimbia wote watatu. Mimi nikafika wakati wao wameshaondoka. Nilivua shati nikalifunga pale, nikambeba mgongoni, nikakimbia kuelekea zahanati. Kwa jinsi nilivyokimbia vibaya, nilikuwa namtikisa, akaniambia sikioni, "Pole pole, Amur." Hakusema kingine. Nilimfikisha, lakini aliyefika hakuwa yeye tena. Nesi aliniambia nimlaze chini na nikae, na nilipokaa niliona suruali yangu yote imelowa mpaka kwenye viatu.

Matanga yalikuwa Gasenyi. Niliomba nisiende, baba yangu akanishika mkono akanipeleka. Daphrose alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake. Aliponiona aliinuka, akanishika uso kwa mikono miwili mbele ya watu wote.

"Mwanangu, we ulimubeba," akasema. "Hukumuacha njiani. Kila siku nitakutaja mbele ya Mungu."

Laiti angenipiga kofi. Nilitaka ardhi inimeze, na wanawake wakawa wananionea huruma wakidhani ni uchungu tu. Baba yangu alinikalisha kwenye benchi la wanaume, wakaniletea Fanta, na nikaishika chupa ile mpaka ikawa moto.

Prof alinigusa bega, akanipeleka nyuma ya nyumba. Hakulia. Alitaka kujua mtupo ulikwendaje. Aliuliza mguu gani ulitangulia, nyonga iliingia wapi, yule kijana alikuwa mrefu au mfupi, na mimi nikamweleza. Akaniambia nimwonyeshe. Nikamshika yeye mkono wa kulia, juu ya kiwiko, kama Ildephonse alivyoshika, nikampangia kidole kwa kidole, hapa dole gumba, hapa vile vitatu, kile kidogo kikiwa nje kidogo kwa sababu kitambaa cha koti kilikuwa kizito. Nikamwonyesha jinsi mkono wa kulia ulivyokuja kusaidia.

"Hakuachilia?" akauliza.

"Apana, Prof. Hakuachilia."

Akatazama vidole vyangu vilivyokuwa bado juu ya mkono wake. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikapandwa na hasira. Hasira ya nini sikujua, au nilijua na nikaipeleka kwingine. Nilimwambia kwamba kama angetufundisha kama walimu wengine wanavyofundisha, Ildephonse angekuwa hai. Nikamwambia maneno haya, nayakumbuka yote.

"Ule mukono wako ndio uliua Ildephonse."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema asante, akarudi ndani kukaa na wazee.

Jumatano iliyofuata tulikwenda ghalani tukamkuta anakata nyuzi za magunia kwa wembe. Aliyamwaga magunia yote, moja baada ya jingine, vumbi la mbao likajaa ukumbini mpaka tukakohoa. Turubai akawapa wakimbizi waliokuwa wamepiga kambi karibu na pale. Namegabe alimuuliza anafanya nini, akasema mazoezi yamekwisha. Namegabe akamuuliza mpaka lini. Prof akafunga mlango, akampa ufunguo mwenye ghala. Wenzangu walidhani ni msiba, kwamba atapumzika miezi miwili mitatu. Mimi peke yangu niliona kwamba ni neno langu linalofanya kazi, na sikulirudisha.

Mwaka uliofuata majirani waliifungia nchi mipaka, biashara ikafa, na baba akanipeleka Kigoma kwa jamaa zetu. Nilikaa huko miaka saba. Nilioa, nikapata watoto, nikanenepa. Niliporudi Bujumbura niliishi kwa kujitia hamnazo. Nikiona mtu mwenye kuchechemea mbele yangu sokoni, nageuza njia kabla sijamtazama uso.

Mwaka jana Namegabe alikuja dukani. Amekuwa mnyapara wa wachukuzi sasa, kichwa kimejaa mvi. Aliniambia amepata chumba kikubwa na vijana ishirini na wawili, kutoka kila mtaa, na wanne kati yao wametoka msituni juzi tu na kurudisha bunduki zao. Vijana hao wamefundishwa kuua na hawajui kitu kingine, akasema, na kama kuna mtu wa kuwafundisha kumshika mtu bila kumuumiza ni Prof. Alikuwa amekwenda Gasenyi mara tatu kumwomba. Mara tatu amekataa. Mara ya tatu Mama Daphrose alimsindikiza mpaka barabarani, akamwambia sababu ya kaka yake kukataa: siku ya matanga yeye alipita nyuma ya nyumba, akanisikia nikisema lile neno.

"Ni weye ulimwambia mukono uliua mutoto," Namegabe akasema. "Enda ukatoe lile neno. Bila yeye, hawa vijana nitawafundisha nini mimi? Kubeba saruji?"

Nilimwambia nitakwenda, na kwa mara ya kwanza katika miaka ile yote nikaona kuna njia. Nilijiambia nitasema kila kitu. Nitamwambia mkono haukukosa, aliyekosa ni mimi, naye atanikasirikia, atanifukuza, anitukane hata, lakini atarudi kufundisha. Kwa bei hiyo nilikuwa tayari. Usiku sikulala vizuri, lakini niliamka mwepesi.

Nilifika Gasenyi Jumamosi, saa nne asubuhi. Walikuwa wamekaa uani, kaka na dada, ungo wa maharage katikati yao, wanachagua mawe. Prof alikuwa amekwisha, shingo ile imebaki mishipa. Daphrose aliinuka kunipokea, akaniuliza habari za mke wangu na watoto, mmoja mmoja, akanipa kigoda. Alisema bado ananitaja katika sala. Nilikuwa nimekusudia kumwomba Prof tuongee peke yetu, lakini nikaona kwamba nikisubiri hata kidogo nitaondoka nimekunywa chai tu. Basi nikasema palepale, mbele ya wote wawili.

Nilisema nilivyoambiwa pita nikapita. Nilisema nilivyogeuka. Nilisema niliuona mkono ukiingia ndani ya koti, na kwamba nilikuwa karibu, na muda ulikuwepo, na sikuinua hata mguu. Nikasema mkono wa Ildephonse haukumuua, kilichomuua ni mimi kusimama, na kwamba siku ile nyuma ya nyumba nilimtupia Prof mzigo wangu kwa sababu sikuweza kuubeba. Nikamwomba arudi kwa wale vijana. Nilikuwa nalia tayari, mtu mzima na kitambi chake.

Daphrose aliacha kuchagua. Prof aliendelea, akatoa jiwe, akalitupa, akatoa jingine.

"Mi nilijua," akasema.

Nilidhani sikusikia.

"Siku ile ulinionyesha vidole vyake. Kimoja kimoja. Hata kile kidogo." Alikuwa anasema polepole, kama zamani alipokuwa akieleza nyonga. "Mutu mwenye anapigana haonake vidole vya mwenzake. Mutu mwenye anakimbia kusaidia haonake. Mwenye aliona vile alikuwa amesimama, anaangalia."

Nikamuuliza kwa nini basi alifunga ukumbi. Kama alijua tangu siku ile kwamba mkono haukuwa na kosa, kwa nini alimwaga magunia.

Hapo ndipo alipoacha maharage.

"Ule mukono wa Ildephonse ulifanya kazi yake. Nauonea uchungu, lakini sikufunga sababu ya ule. Nilifunga sababu ya mukono wako, Amur. Miaka tatu niliwafundisha nyinyi wawili pamoja, turubai moja, hesabu moja. Kuanguka najua kufundisha. Kuangusha najua. Kutoka pale mutu amesimama, aende pale mwenzake anauawa, ile sikuwafundisha, na sijui namna ya kuifundisha. Mpaka leo sijui. Sasa niende kwa vijana ya Namegabe niwaambie nini?"

Nilitazama chini. Nilingoja aendelee, au anifukuze, na hakufanya lolote kati ya hayo. Daphrose aliinuka. Alichukua ungo pamoja na maharage ambayo hayajachaguliwa, akaingia ndani, akaurudishia mlango taratibu bila kuaga, yeye aliyekuwa ameniuliza majina ya watoto wangu. Prof akaniambia jua linakuwa kali, nitafute gari mapema.

Namegabe alikuwa ananingoja dukani, amekaa kwenye marobota, anaongea na baba yangu. Akaniuliza mzee amesemaje. Nilimwambia mzee amechoka, asimsumbue tena. Akaniamini.